Jinsi ya kulielewa na kulitumia neno la Kiingereza "volatile"

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo kamusi huyamaliza kwa neno moja la Kiswahili, na kuna mengine ambayo neno hilo moja ndilo linalokupoteza. "Volatile" ni la kundi la pili. Utalikuta kwenye taarifa ya habari kuhusu nchi yenye machafuko, kwenye lebo ya chupa ya maabara, kwenye ripoti ya soko la hisa, kwenye somo la kompyuta na kwenye maelezo ya tabia ya mtu. Unafungua kamusi, unaambiwa "-siyo imara", unaridhika. Kisha unatafsiri lebo ile ya chupa na kuandika "kimiminika kisicho imara", na anayeisoma hajui ajikinge na nini.

Mimi nilikosea kwa upande mwingine. Nilikuwa natafsiri maelekezo ya usalama, na palipoandikwa "volatile liquid" nikaandika "kimiminika kinacholipuka". Aliyepitia kazi yangu alinionyesha kwamba dawa yenyewe ilikuwa klorofomu, ambayo kushika moto si tabia yake. Hatari yake ni mvuke. Mtu angeweza kusoma onyo langu, akaweka chupa mbali na moto, kisha akaiacha wazi ndani ya chumba kisicho na madirisha akidhani amefuata maelekezo yote. Tangu siku hiyo silitafsiri neno hili kabla ya kupita hatua ninazozieleza hapa.

Hatua ya kwanza: mtafute ndege aliyemo ndani ya neno

"Volatile" linatokana na neno la Kilatini "volatilis", yaani kinachoruka, ambalo nalo limezaliwa na kitenzi "volare", kuruka kwa mabawa. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na katika Kiingereza cha kale kidogo lilitumika hata kama nomino, likimaanisha ndege na viumbe wengine wenye mabawa. Wanaalkemia, wale waliotafuta njia ya kugeuza metali kuwa dhahabu, waliona kwamba baadhi ya vitu hutulia vikipashwa moto na vingine hupaa na kupotea hewani. Katika michoro yao, joka lisilo na mabawa lilisimama badala ya vitu vinavyotulia, na joka lenye mabawa badala ya vile vinavyopaa. Hapo ndipo maana ya kikemia ilipojijenga. Kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wanalitumia pia kwa mtu ambaye moyo wake hautulii mahali pamoja. Hata chumvi ya kumzindua mtu aliyezimia waliiita "sal volatile", chumvi irukayo: ni amonia kaboneti, inayotoa harufu kali ya kupenya puani.

Nimeanza na historia kwa sababu inakupa picha ambayo haitakuangusha. Fikiria ndege aliyetua kwenye tawi. Ametulia kabisa, unaweza hata kuhesabu manyoya yake, lakini unajua kwamba anaweza kupuruka wakati wowote. "Volatile" halisemi kwamba kitu kinatikisika sasa hivi. Linasema kwamba kitu kiko tayari kubadilika ghafla, na sababu ndogo tu inatosha kukikurupusha. Ukiishika picha hii, nusu ya kazi umeimaliza.

Hatua ya pili: litamke sawasawa

Uingereza hulitamka karibu na "VO-la-tail", na Marekani karibu na "VAA-la-tl", silabi ya mwisho ikimezwa. Pande zote mbili mkazo uko mwanzoni. Sisi tuliozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho huelekea kusema "vo-LA-tail", na msikilizaji husita kidogo. Nomino yake, "volatility", ina mkazo kwenye silabi ya tatu: "vo-la-TI-li-ti".

Hatua ya tatu: uliza ni nini kinachoweza kuruka

Hii ndiyo hatua kubwa, nayo usiiruke hata ukiwa na haraka. Kabla ya kutafuta neno la Kiswahili, tazama nomino iliyofuatana na "volatile", kisha jiulize: hapa ndege ni nani, na akiruka anakwenda wapi?

Nomino ikiwa kimiminika, kinachoruka ni chembe zake, nazo zinakwenda hewani. Kimiminika "volatile" ni kile kinachovukiza haraka hata kabla ya kuchemka. Kwa kawaida kiwango cha kuchemka kikiwa chini, kuvukiza nako huwa kwepesi: etha huchemka karibu na nyuzi 35 za Selsiasi, asetoni karibu na 56, ethanoli karibu na 78, na maji kwenye 100. Ukidondosha asetoni kiganjani utahisi baridi, kwa sababu chembe zinazoondoka zinachukua joto la ngozi yako kama nauli. Kiswahili kizuri hapa ni "kinachovukiza haraka" au "chepesi kugeuka mvuke".

Hapa tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuvukiza haraka si kushika moto. Mafuta ya kupikia huwaka, lakini kwa joto la kawaida la chumba hayavukizi kiasi cha kuonekana. Klorofomu huchemka karibu na nyuzi 61 na huvukiza kwa kasi, lakini haishiki moto kirahisi. Petroli ina tabia zote mbili, na mvuke wake ndio unaodakwa na cheche. Kwa hiyo lebo ikisema "volatile" peke yake, inakuonya kuhusu hewa unayovuta. Onyo la moto Kiingereza hulitoa kwa neno lingine, "flammable".

Vilevile, kwa mkemia, "volatile" si "unstable". Ethanoli hupaa hewani, lakini chembe yake inapopaa bado ni ethanoli ile ile. Peroksidi ya hidrojeni inachanguka yenyewe na kuwa maji na oksijeni, hivyo hiyo ni "unstable": kilichokuwemo chupani hakipo tena hata kama kizibo hakijafunguliwa. Tofauti hii ni ya maana sana kwa anayetafsiri vitabu vya sayansi. Neno "-siyo imara" liachie hii ya pili.

Nomino ikiwa bei, soko au sarafu, kinachoruka ni thamani, na inaweza kuruka kwenda juu au chini. Watu wengi husoma "volatile market" na kuelewa "soko linaloporomoka". Sivyo. Soko linalopanda kwa mikupuo na kushuka kwa mikupuo ni "volatile" hata kama mwisho wa mwezi liko pale pale lilipoanzia. Wataalamu wa fedha hupima jambo hili kwa kuangalia jinsi mabadiliko ya bei yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Kwa kipimo hicho, bei inayoshuka kwa asilimia moja kamili kila siku, bila kukosa, haina "volatility" hata kidogo. Mwenye mali anaumia, lakini hakuna kinachomshtua.

Mfano ninaoupenda kwa kufundishia ni wa tarehe 20 Aprili 2020. Siku hiyo mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani ya kupelekwa mwezi Mei ilifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, maana yake wauzaji walikuwa wanawalipa watu ili wayapokee mafuta. Janga la korona lilikuwa limeua mahitaji, na maghala yalikuwa yanajaa. Kesho yake bei ikarudi juu ya sifuri. Hiyo ndiyo maana ya "volatile" kwenye masoko: kasi na ukubwa wa mruko, kwenda na kurudi. Kwa Kiswahili sema "bei zinazopanda na kushuka ghafla", au kwa ufupi "bei zinazoyumbayumba". "Kuporomoka" ni jambo jingine, lisitumike hapa.

Nomino ikiwa hali ya usalama au siasa, kinachoruka ni utulivu wenyewe. "The situation remains volatile" ni sentensi inayorudi tena na tena katika taarifa za mashirika ya kimataifa, na maana yake ni kwamba risasi zimenyamaza lakini hakuna anayethubutu kusema zimekwisha. Kiswahili cha vyombo vya habari kina neno lake tayari: "Hali bado ni tete." Ni tafsiri nzuri, nami naikubali kwa mikono miwili, ila ina mtego ambao nitaueleza katika hatua ya sita.

Nomino ikiwa mtu, kinachoruka ni hisia zake. "He has a volatile temper" ni mtu mwenye hasira za karibu, mwepesi wa kuhamaki. Angalia kwamba neno halimtuhumu kwa kukasirika kila saa. Anaweza kuwa mpole asubuhi nzima na mcheshi mezani, halafu neno moja dogo likamgeuza. "A volatile relationship" ni uhusiano wa kupendana leo na kurushiana maneno kesho, kisha kupatana keshokutwa. Hapa wengi hukimbilia "kigeugeu", nami nakusihi usubiri. Kigeugeu hubadilisha msimamo au upande. Mwenye "volatile temper" anaweza kuwa na msimamo mmoja maisha yake yote, kinachobadilika ni joto la moyo wake.

Nomino ikiwa kumbukumbu ya kompyuta, kinachoruka ni data. "Volatile memory", kama vile RAM, hupoteza kila ilichobeba umeme unapokatika. Diski na kumbukumbu za flashi hubaki na vyake, ndiyo maana huitwa "non-volatile". Sema "kumbukumbu isiyodumu" na "kumbukumbu inayodumu". Ukijifunza lugha ya kompyuta ya C utalikuta neno lenyewe likiwa amri: linaiambia programu-tafsiri ("compiler", ile inayogeuza maandishi ya C kuwa lugha ya mashine) isidhani kwamba thamani iliyosomwa mara ya kwanza bado ni ile ile, kwa kuwa kitu kilicho nje ya programu kinaweza kuibadilisha. Hata hapo ndege ni yule yule.

Hatua ya nne: litofautishe na jirani zake

Kiingereza kina vivumishi vingi vya kutokutulia, na njia niliyoiona inafaa kuliko kukariri orodha ni kukitafuta kitenzi kilichofichwa ndani ya kila kimoja.

Ndani ya "unstable" kuna kusimama: shina lake ni kitenzi cha Kilatini "stare", kusimama. Kitu "unstable" hakiwezi kusimama vizuri, iwe ni meza, serikali au afya ya akili. Ndilo neno pana kuliko yote, na ukiwa na shaka litumie hilo. Litapungukiwa na rangi, lakini ni mara chache litakuaibisha.

Ndani ya "precarious" kuna kuomba. "Precarius" kwa Kilatini ni kitu ulichokipata kwa kumsihi mtu, na ambacho mtu huyo anaweza kukunyang'anya akitaka. Kwa hiyo "precarious job" si kazi ya vurugu. Ni kazi ambayo riziki yako iko mkononi mwa mwingine, huna uhakika wa kesho. Na "a precarious ladder" ni ngazi ambayo aliyeipanda roho yake iko mkononi. Ngazi hiyo huwezi kuiita "volatile" hata kidogo, kwa sababu haina kitu kinachoweza kupuruka, inasubiri tu kuanguka.

Ndani ya "fragile" kuna kuvunjika. Glasi ni "fragile", lakini ukiiacha kabatini miaka mia moja utaikuta vile vile. Inahitaji pigo kutoka nje, na pigo hilo likija inavunjika basi. Mtu au hali "volatile" ina moto wake ndani, na inaweza kuruka, ikatua, ikaruka tena.

"Fickle" ndiye kigeugeu hasa. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mdanganyifu, na bado limebeba harufu ya lawama: mashabiki wanaohama timu ikifungwa ni "fickle". "Erratic" lina kutangatanga ndani yake, hivyo husemwa kwa mwendo usiofuata mpangilio, kama dereva anayeyumba barabarani au mapigo ya moyo yasiyo na utaratibu.

Mawili mengine yanafanana nalo kwa sauti tu. "Versatile" ni sifa njema, ni mtu au kifaa kinachofaa kwa kazi nyingi. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini ukaweka "volatile" badala ya "versatile", umemharibia. Na "volcanic" halina undugu na kuruka, linatokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, ingawa wanajiolojia wanaochunguza volkano huzungumza pia juu ya "volatiles", wakimaanisha mvuke wa maji, kaboni dioksidi na gesi nyingine zilizoyeyuka ndani ya magma.

Hatua ya tano: liweke mahali pake katika sentensi

Sarufi yake ni nyepesi. Linakaa kabla ya nomino, "a volatile mixture", au baada ya kitenzi, "the mixture is volatile". Halibadiliki kwa wingi: ni "volatile prices", kamwe si "volatiles prices". Tamaa ya kuongeza herufi ya wingi hutujia sisi tunaopatanisha kila kivumishi na nomino yake. Ukilinganisha, sema "more volatile" na "the most volatile".

Lina marafiki wake wa kudumu, na Kiingereza chako kitasikika vizuri zaidi ukiwajua: "highly volatile" kwa kemia na masoko, "extremely volatile" kwa usalama, "increasingly volatile" unapotaka kusema hali inazidi kuchafuka, na "potentially volatile" kwa mkusanyiko au mkutano ambao bado haujachafuka. Kielezi chake, "volatilely", kipo vitabuni lakini hutakisikia. Ukikihitaji, geuza sentensi: "prices have been volatile this year" inatosha.

Hatua ya sita: lipime neno "tete" pande zote mbili

Nilisema "tete" lina mtego. Kutoka Kiingereza kuja Kiswahili linafaa vizuri kwenye siasa na usalama. Shida huanza unaporudi upande wa pili. Tunaposema "mgonjwa yuko katika hali tete" tunamaanisha yuko mahututi au karibu na hapo, na Kiingereza chake ni "critical condition". Ukiandika "the patient is volatile", daktari ataelewa kwamba mgonjwa ana hasira na anaweza kumrushia kitu. Tunaposema "suala tete" mara nyingi tunamaanisha suala nyeti, linalohitaji kuguswa kwa uangalifu, na hilo kwa Kiingereza ni "sensitive" au "delicate". Kwa kifupi, "tete" limekusanya uzito, udhaifu na unyeti mahali pamoja, ilhali "volatile" limebeba jambo moja tu, mruko wa ghafla. Kila ukitaka kuligeuza "tete" kuwa "volatile", muulize yule ndege tena. Kama hayupo, neno hilo silo.

Hatua ya saba: jipime

Chukua sentensi hizi, ufiche maelezo yangu, na uzitafsiri kwanza mwenyewe.

"Store volatile solvents in tightly closed containers." Ndege ni chembe za kiyeyushi: "Hifadhi viyeyushi vinavyovukiza haraka katika vyombo vilivyofungwa barabara." Ona jinsi tafsiri sahihi inavyoeleza yenyewe kwa nini chombo kifungwe. "Viyeyushi visivyo imara" ingemwacha msomaji gizani.

"Exports earnings have been volatile because they depend on a single crop." Ndege ni mapato, lakini kabla ya kutafsiri, je, umeliona kosa la sarufi? Ni "export earnings", bila herufi ya wingi kwenye neno la kwanza. Nimelitia makusudi, kwa sababu linatokana na tabia ile ile inayotufanya tuandike "volatiles prices". Tafsiri yake: "Mapato ya mauzo ya nje yamekuwa yakipanda na kushuka ghafla kwa kuwa yanategemea zao moja."

"The ceasefire is fragile and the border area remains volatile." Sentensi hii ina majirani wawili, na mwandishi hakuwaweka bure. Mkataba wa kusitisha mapigano ni kama glasi, pigo moja linaweza kuuvunja. Eneo la mpaka lina moto wake lenyewe. Mimi ningesema: "Makubaliano ya kusitisha mapigano ni dhaifu, na hali ya mpakani bado ni tete." Ukiandika "tete" mara mbili, umefuta tofauti aliyoitaka.

"She was brilliant, generous and volatile." Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana hakuna nomino ya kukusaidia zaidi ya mtu mwenyewe, na sifa mbili za kwanza ni njema. Kuandika "alikuwa na akili nyingi, mkarimu na kigeugeu" ni kumsingizia, kwani hakuna aliyesema kwamba alisaliti mtu. "Mkorofi" limezidi. Baada ya kulizungusha sana, nimeishia hapa: "Alikuwa na akili za kipekee, mkono wazi, na hasira za karibu." Ukipata nzuri zaidi ya hiyo, itumie.